Mtaro shambani, mhudumu wa afya, mtoto wa kufadhiliwa au nyumba ya msaada: ulinganisho kutoka nyanda za juu za Guatemala

Magharibi ya Jiji la Guatemala, katika mkoa wa Chimaltenango, kuna mji wa wakulima uitwao San Martín Jilotepeque. Uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji wengi ni Wamaya wa jamii ya Kaqchikel, na wanalima mahindi, maharage na maboga kwenye miteremko mikali ambayo mtu wa Lushoto au Machakos angeizoea haraka. Kwa zaidi ya nusu karne mji huu na majirani zake wamepitiwa na karibu kila aina ya mradi ambao asasi zisizo za kiserikali huwa nao. Nimeuchagua kwa sababu hiyo. Miradi mingi tunayoonyeshwa ina umri wa mwaka mmoja au miwili na picha za uzinduzi, lakini hapa unaweza kuona mradi ulivyoanza, ulivyofungwa, na kilichobaki baada ya wenye magari kuondoka.

Ninaandika nikiwafikiria watu wa aina tatu. Wapo wanakikundi na viongozi wa vijiji wanaotafuta mfano wa kuiga nyumbani. Wapo ndugu zetu walioko Marekani na Kanada, ambao kila mwaka wanaombwa kanisani au kazini wachangie mradi wa Guatemala au Honduras, na hawajui upi una maana kuliko mwingine. Na wapo vijana wanaotaka kwenda kujitolea. Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukiujua: pesa yangu ya kwanza ningeipeleka kwenye mradi unaomgeuza mwenyeji kuwa mwalimu wa wenyeji wenzake. Ufadhili wa mtoto ungekuja baada yake, kwa masharti. Nyumba inayojengwa na wageni kwa wiki moja ningeiweka mwisho kabisa.

Mkulima anapomfundisha mkulima

Mwaka 1972 shirika la World Neighbors, likisaidiwa fedha na shirika la misaada la Oxfam, lilianza kazi San Martín. Udongo ulikuwa umechoka. Hekta moja ilitoa takriban kilo 400 za mahindi, yaani magunia manne. Kwa mavuno hayo familia haifiki msimu unaofuata, kwa hiyo wanaume waliteremka kila mwaka hadi uwanda wa pwani ya Pasifiki kufanya vibarua kwenye mashamba makubwa ya pamba, miwa na kahawa.

Mradi haukuleta trekta wala mbegu za bure. Ulianza na jambo moja, kuzuia mvua isichukue udongo, na chombo chake kikuu kilitengenezwa kwa vitu vilivyopo kijijini. Unachukua fito mbili ndefu unazifunga kileleni, kisha unalaza fito ya tatu katikati, zote pamoja ziwe mfano wa herufi A. Kileleni unafunga uzi wenye jiwe. Uzi ukitulia kwenye alama iliyo katikati ya fito ya kulala, ujue miguu yote miwili imesimama kwenye usawa mmoja. Mkulima anaizungusha fremu hiyo hatua kwa hatua kuukata mteremko, anapigilia kigingi kila mguu unapotua, na mwisho mstari wa vigingi unamwonyesha pa kuchimba mtaro. Ni ndugu wa fanya juu na fanya chini, mitaro yetu ya kuzuia mmomonyoko. Ukingoni mwa mtaro hupandwa matete, ambayo yanashika udongo na kulisha mifugo kwa wakati mmoja.

Cha msingi zaidi ni utaratibu uliozunguka mtaro huo. Hakuna aliyeambiwa abadilishe shamba lake lote. Alijaribu kwenye kipande kidogo, na upande wa pili akaendelea kulima kama baba yake alivyolima, ili wakati wa mavuno alinganishe mwenyewe kwa macho yake. Waliofanikiwa walichukuliwa kuwa wakufunzi wa majirani zao, wakifundisha kwa Kikaqchikel, lugha ya nyumbani, si kwa Kihispania cha ofisini. Na mradi ulikataa kugawa vitu vya bure, kwa hoja kwamba mtu akichimba mtaro kwa sababu ya unga anaopewa, hutajua kama mtaro umemfaa mpaka siku unga ukome.

Mwaka 1979 mradi ulifungwa. Wakati huo hekta moja ilikuwa imefika takriban tani mbili na nusu. Miradi mingi hapo ndipo inapoandika ripoti yake ya mwisho na hakuna anayerudi kutazama. Hapa walirudi. Mwaka 1994 Roland Bunch, aliyefanya kazi katika mradi wenyewe, na Gabino López, mkulima Mkaqchikel aliyekuja kuwa mkufunzi, walipima tena vijiji vilevile na kukuta mavuno yamefika karibu tani nne na nusu kwa hekta. Mavuno yalikuwa yameendelea kupanda miaka 15 baada ya mradi kufungwa. Safari za vibarua pwani zilikuwa zimepungua sana.

Tena mbinu nyingi walizofundishwa wakulima katika miaka ya 1970 zilikuwa zimeachwa, na nafasi yake kuchukuliwa na nyingine ambazo wakulima walizibuni au kuzitafuta wenyewe. Mtathmini wa haraka angeandika kwamba mradi umeshindwa, maana mitaro mingine haionekani. Mimi naliona hilo kuwa ushahidi wenye nguvu kuliko tani zenyewe. Mkulima alibaki na tabia ya kujaribu na kupima, nayo haiozi kama mtaro unavyofukiwa.

Ni haki niseme pia kwamba waliopima mwaka 1994 walikuwa watu wa ndani ya kazi hiyo, na mtu akipima kazi ya mikono yake ni vizuri kusubiri mpimaji mwingine. Kipimo kingine kilikuja kwa njia ya msiba. Mwishoni mwa Oktoba 1998 kimbunga Mitch kiliipiga Amerika ya Kati na kuua zaidi ya watu 11,000, wengi wao Honduras na Nicaragua. Baada ya hapo mtafiti Eric Holt-Giménez na timu za wakulima walilinganisha mamia ya mashamba yaliyopakana katika Nicaragua, Honduras na Guatemala: moja limelimwa kwa mbinu za kuhifadhi udongo, jirani yake kwa njia ya kawaida. Mashamba yaliyohifadhiwa yalibaki na udongo wa juu zaidi, hadi asilimia 40 zaidi kwa baadhi ya mahali. Palipokuwa na mteremko mkali mno au mvua iliyopita kiasi, tofauti ilipungua au kupotea, na watafiti waliliandika hilo wazi. Ndiyo maana nawaamini.

Kuna jambo zito ambalo mtu anayechagua mradi huu lazima alijue. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jeshi la Guatemala liliwageuzia bunduki watu wa vijijini, na mkoa wa Chimaltenango uliumia vibaya. Kiongozi wa ushirika, mkufunzi wa kilimo, mhudumu wa afya: yeyote aliyewakutanisha watu alitazamwa kama adui. Wengi waliuawa, wengine walikimbia. Tume ya ukweli iliyotoa ripoti yake mwaka 1999 ilikadiria kwamba zaidi ya watu 200,000 waliuawa au kupotezwa katika vita hivyo vya miaka 36, na asilimia 83 ya waathirika waliotambuliwa walikuwa Wamaya. Mradi unaowainua wenyeji unawafanya pia waonekane. Mfadhili anayetoka nje hupanda ndege akaondoka, mkufunzi hana pa kwenda. Shirika lolote linalojenga uongozi wa kijiji mahali penye utawala wa mkono wa chuma linapaswa kulijibu swali hili kabla halijaajiri mtu wa kwanza.

Hata hivyo kazi haikufa. Mbinu ya Wakaqchikel ilikuwa imeshafika Tlaxcala nchini Mexico, na kutoka huko wakulima wa Mexico waliwafundisha wenzao wa Nicaragua, ambako kuanzia mwaka 1987 umoja wa wakulima wa UNAG uliieneza nchi nzima kwa jina la Campesino a Campesino, mkulima kwa mkulima. Haikuhitaji ofisi kuu ili isafiri.

Mhudumu wa afya aliyechaguliwa na kijiji

Miaka 10 kabla ya mitaro ya San Martín, mwaka 1962, daktari Carroll Behrhorst kutoka Kansas alifungua kliniki katika mji wa Chimaltenango. Wagonjwa walikuja wengi kuliko alivyoweza kuwahudumia, na wengi walirudi baada ya miezi michache na ugonjwa uleule. Akaanza kuwafundisha wakulima waliochaguliwa na vijiji vyao wawe wahudumu wa afya: kutambua maradhi ya kawaida, kutoa dawa chache, kuhimiza usafi na chanjo, na kujua mgonjwa yupi apelekwe hospitali bila kuchelewa. Hospitalini kwake ndugu wa mgonjwa waliruhusiwa kulala naye na kumpikia, jambo ambalo sisi tumelizoea lakini kwa hospitali za wakati ule lilikuwa la kushangaza. Matibabu yalilipiwa kidogo, hayakuwa bure.

Behrhorst aliandika orodha ya matatizo ya watu wa Chimaltenango kwa uzito wake. Ya kwanza ilikuwa dhuluma ya kijamii na kiuchumi, ya pili umiliki wa ardhi, ya tatu kilimo na masoko. Tiba aliiweka ya saba, mwisho kabisa. Daktari kuiweka tiba mwisho si jambo dogo, na hakuliacha kwenye karatasi, kwa kuwa mpango wake uliwakopesha wakulima fedha za kununua mashamba.

Kwa msomaji wa Tanzania kuna undugu hapa. Mwaka 1975 Shirika la Afya Duniani lilipokusanya mifano ya nchi ambazo afya ilikuwa ikiletwa na wananchi wenyewe, Chimaltenango na Tanzania ya vijiji vya ujamaa zilikaa ndani ya kitabu kimoja. Miaka mitatu baadaye mkutano wa kimataifa wa afya uliofanyika Alma-Ata uliifanya huduma ya afya ya msingi kuwa sera ya dunia. Wahudumu wetu wa afya ngazi ya jamii na wale wa Kaqchikel wametoka kwenye mawazo ya kizazi kimoja.

Ukilinganisha na mradi wa kilimo, huu una faida inayoonekana mapema zaidi. Mtoto anayeharisha akipewa maji ya chumvi na sukari leo, kesho yuko hai, ilhali mtaro unasubiri msimu. Lakini ni dhaifu zaidi kwa upande mmoja. Mkulima aliyejifunza mtaro hahitaji kuletewa kitu tena. Mhudumu wa afya anahitaji dawa, anahitaji hospitali ya kupokea rufaa, anahitaji kufundishwa upya mara kwa mara. Mnyororo ukikatika juu, yeye anabaki na sanduku tupu. Pia pesa yake hutoka kwenye vidonge, na hakuna mtu anayelipia ushauri wa kuchemsha maji, kwa hiyo kuna kishawishi cha kutibu zaidi na kukinga kidogo.

Guatemala ilipata somo kali la utegemezi huo baadaye. Baada ya mkataba wa amani wa Desemba 1996, serikali ilianza kuzipa asasi mikataba ya kupeleka huduma za msingi za afya vijijini. Katikati ya miaka ya 2010 mpango huo ulisimamishwa, na vijiji vingi vilipoteza timu zilizokuwa zikiwapima watoto na wajawazito, kwa sababu timu zilikuwa za mkataba na mkataba ulikuwa umekwisha.

Kama unataka kuchangia afya katika nyanda hizi leo, kipimo changu cha kwanza ni lugha. Bibi wa Kaqchikel anayeelezwa kisukari chake kwa Kihispania huitikia kwa heshima, halafu anarudi nyumbani bila kuelewa kidonge kinamezwa lini. Shirika la Wuqu' Kawoq, lililoanzishwa mwaka 2007 na lenye makao Tecpán, palepale mkoani Chimaltenango, limejenga kazi yake juu ya kutoa huduma kwa lugha za Kimaya. Huo ni uamuzi wa kitabibu kabisa.

Mtoto mmoja, mfadhili mmoja

Hii ndiyo aina ambayo wengi wetu tunaifahamu, kwa sababu iko Kenya, Uganda na Tanzania kama ilivyo Guatemala. Mfadhili analipa takriban dola 40 kwa mwezi, anapewa jina na picha ya mtoto, wanaandikiana barua. Mtoto anapata ada, sare, vitabu, uchunguzi wa afya na saa kadhaa za masomo ya ziada kila wiki.

Watu wa maendeleo wengi huidharau, na nilitarajia ushahidi uwaunge mkono. Haukuwaunga. Mwaka 2013 wachumi Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge walichapisha utafiti juu ya mpango wa Compassion International, shirika la Kikristo la kufadhili watoto, katika nchi sita, zikiwemo Guatemala, Kenya na Uganda, uliowahusisha zaidi ya watu 10,000 ambao sasa ni watu wazima. Walitumia kanuni ya umri: mpango ulipoingia kijijini, kaka au dada aliyekwisha kuvuka umri wa kuandikishwa aliachwa, mdogo wake akachukuliwa. Wote wametoka nyumba moja, kwa hiyo unaweza kuwalinganisha kwa haki kuliko ukilinganisha familia tofauti. Waliofadhiliwa walisoma kati ya mwaka 1.03 na 1.46 zaidi, na walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata ajira ya mshahara ya ofisini au ya kitaalamu.

Mwaka mmoja zaidi wa shule kwa mtoto wa kijijini si kitu cha kubeza. Lakini tazama kilicho pembeni. Utafiti wenyewe uliwezekana kwa sababu ndani ya nyumba moja mmoja alichaguliwa na mwingine akaachwa. Mama ndiye anayebaki kueleza. Zaidi ya hapo, Compassion hufanya kazi kupitia makanisa ya mahali, hasa ya kiinjili, na katika miji ya Guatemala ambako Wakatoliki, waevanjeli na wanaoshika ibada za jadi za Kimaya wanaishi mtaa mmoja, mlango wa kuingilia mradi si mpana sawa kwa wote. Anayefurahia mradi wa kanisa lake atafurahi. Anayetaka kufikia mji mzima atafute mwingine.

Umri nao una uzito wake. Kati ya mwaka 1969 na 1977 taasisi ya lishe ya INCAP iligawa chakula cha nyongeza katika vijiji vinne vya mkoa wa El Progreso. Viwili vilipewa atole, uji mzito wenye protini, na viwili vikapewa fresco, kinywaji kitamu kisicho na protini. Huduma ya tiba ilikuwa kwa wote. Watafiti waliwafuatilia watoto hao mpaka utu uzima, na mwaka 2008 walitangaza kwamba wanaume waliopata atole katika miaka yao miwili ya kwanza walikuwa wakipata karibu asilimia 46 zaidi kwa kila saa ya kazi. Waliopewa baada ya umri mdogo kupita hawakupata faida hiyo. Katika nchi ambayo utafiti wa afya wa 2014 hadi 2015 ulikuta karibu nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, hili linabadilisha kabisa swali la kumfadhili nani. Kama pesa yako ni ya mtoto mmoja, basi iende kwa mjamzito na mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili. Mtoto wa miaka minane mwenye sare mpya anapendeza kwenye picha, ila sehemu kubwa ya mbio zake ilishaamuliwa kabla hajaongea.

Nyumba, mabati na wageni wa wiki moja

Usiku wa tarehe 4 Februari 1976, kama saa tisa, tetemeko la ardhi liliua takriban watu 23,000 nchini Guatemala. San Martín Jilotepeque ulikuwa kati ya miji iliyobomoka karibu yote. Nyumba zilikuwa za matofali mabichi ya udongo na mapaa ya vigae vizito, vikawaangukia watu wakiwa wamelala. Misaada ilimiminika, na hapa ndipo tofauti kati ya mashirika ilionekana kuliko wakati mwingine wowote.

Mashirika mengi yaligawa bure. Oxfam na World Neighbors, kwa kuwa tayari walikuwa na wakufunzi San Martín, waliuza mabati kwa bei iliyopunguzwa na kuweka nguvu kwenye mafunzo: jinsi ya kuzifunga kona, kuweka mihimili ya kukingama, na kulifanya paa liwe jepesi. Ilionekana ukatili kwa watu waliofiwa. Wakulima wenyewe ndio waliojenga, na walijua kwa nini mhimili umekaa pale ulipokaa. Upande wa chakula, mavuno yaliyotangulia yalikuwa mazuri na mahindi mengi yaliweza kufukuliwa chini ya vifusi, kwa hiyo watu wa miradi ya kilimo walilalamika kwamba nafaka za msaada zinashusha bei wakati mkulima anahitaji kuuza ili anunue mabati. Sidai kwamba bure ni kosa siku zote. Siku ya tatu baada ya tetemeko, maji na mablanketi vitolewe bila maswali. Mwezi wa tatu ni habari nyingine.

Ziko asasi za nyumba zenye mfumo mzuri. Habitat for Humanity, ambayo mawazo yake yalijaribiwa kwanza Mbandaka nchini Kongo katika miaka ya 1970 na mwanzilishi wake Millard Fuller, haigawi nyumba Guatemala. Familia inachangia kazi na kulipa mkopo pole pole, na marejesho yanajenga nyumba nyingine. Hiyo ni tofauti na kikundi cha vijana 20 kinachoruka kutoka Marekani kuja kupaka rangi kwa siku saba.

Kuhusu safari hizo, kuna utafiti uliofanywa na mtafiti Kurt Ver Beek nchini Honduras baada ya kimbunga Mitch. Alilinganisha familia zilizojengewa na vikundi vya wageni na zile zilizojengewa na mafundi wa asasi za Honduras. Nyumba zilikuwa sawa, na hali ya familia baadaye ilikuwa sawa. Tofauti ilikuwa gharama: nyumba moja ilikuwa ya takriban dola 2,000, ilhali kikundi kimoja cha wageni kilitumia takriban dola 30,000 kuja kuijenga. Wageni pia, licha ya ahadi za kubadilisha maisha yao na kutoa zaidi, hawakubadilika sana waliporudi nyumbani. Fundi wa San Martín anayekaa bila kazi huku mtoto wa chuo akichanganya zege vibaya anajua hesabu hii bila utafiti.

Majiko niyaseme kwa ufupi, maana vikundi vya kujitolea huyapenda. Jiko la plancha, la matofali lenye bamba la chuma na bomba la moshi, ni kitu chema jikoni. Jaribio kubwa lililofanywa mkoa wa San Marcos kati ya 2002 na 2004 lilionyesha nimonia kali kwa watoto ikipungua kwa takriban theluthi moja, ingawa kwa nimonia kwa jumla tofauti haikuthibitika. Jaribio la baadaye la majiko ya gesi, lililohusisha Guatemala na Rwanda pamoja na India na Peru, halikuongeza uzito wa watoto wachanga. Kwa hiyo changia jiko kwa ajili ya macho na mapafu ya mama anayepika, na hakikisha yupo fundi wa hapohapo wa kulitengeneza bamba likipasuka.

Ukiziweka pamoja

Kwa upande wa muda, nyumba hukamilika kwa wiki, huduma ya afya huonyesha faida kwa miezi, shamba kwa misimu miwili au mitatu, na mtoto kwa miaka 15. Mtoaji anayetaka kuona haraka atavutwa kwenye nyumba, na mashirika yanalijua hilo, ndiyo maana picha za nyumba ni nyingi.

Kwa upande wa kubaki, ujuzi wa mkulima aliyefundishwa na mkulima ndio unaoshinda, hata mtaro wenyewe ukifukiwa. Elimu ya mtoto nayo hainyang'anywi, lakini mara nyingi humpeleka mjini au Marekani, na faida yake hurudi kijijini kama fedha za kutumiwa. Mhudumu wa afya hubaki ikiwa serikali au ushirika unamshika. Nyumba hubaki, ila haizai nyingine.

Kwa upande wa nani anaamua, angalia kama mradi unapitia baraza la maendeleo la jamii, COCODE. Mabaraza haya yamewekwa na sheria ya mwaka 2002 na huchaguliwa na mkutano wa wakazi. Yapo yaliyotekwa na wanasiasa, hilo ni kweli. Lakini mradi unaoyakwepa kabisa unajenga serikali yake pembeni, na ukiondoka hakuna wa kumwuliza.

Kiongozi wa kikundi kijijini, chukua njia ya San Martín: tatizo moja ambalo kila mtu analilalamikia, mbinu moja ya bei ndogo, kipande kidogo cha kujaribia, na mkufunzi wa kwanza awe jirani aliyefanikiwa. Usianze na mambo matano kwa pamoja kwa sababu andiko la mfadhili lina vipengele vitano.

Mtoaji mwenye dola 40 kwa mwezi, kama unataka uhusiano na mtoto fulani, fadhili mtoto bila kuona haya, ushahidi upo upande wako. Kama hilo si lazima kwako, ipeleke kwenye lishe ya mama na mtoto mchanga, au kwa asasi inayowalipa wakufunzi wa Kimaya. Ukiwa na fedha kubwa ya mara moja, toa mtaji wa mkopo wa nyumba au wa ardhi, usinunue tiketi za ndege.

Kijana unayetaka kujitolea, nenda kama una ujuzi ambao mji huo hauna, na kama utakaa muda wa kutosha kujifunza Kihispania na salamu za Kikaqchikel. Mkunga, fundi umeme wa jua, mhasibu wa ushirika, hao wanahitajika. Kabla ya kulipa ada yoyote iandikie asasi na uiombe majina ya vijiji vitatu ambavyo ilimaliza kazi na kuondoka angalau miaka mitano iliyopita, pamoja na jina la mtu wa huko atakayekupokea ukienda kuvitazama. Asasi ya kweli itakujibu ndani ya siku chache, na pengine itafurahi kwamba kuna aliyeuliza.